Fundi alinifungia kila kitu kwa simu, kijana akapita na VPN

Dada Simu, salamu kutoka Kisumu. Mimi husoma majibu yako kila wiki lakini sijawahi kuandika, leo nimeandika juu simu imenishinda na sijui nianzie wapi, kwa hivyo ikikuwa ndefu unisamehe.

Mimi nauza nguo za watoto pale soko la Kibuye, mtumba kamera, na simu ndio duka langu la pili. Jumapili nikifungua bale napiga picha, naweka status na TikTok, mtu anatuma pesa, nguo inapanda boda inaenda. Hiyo hiyo simu moja jioni ndio kijana wangu Otis anafanyia assignment, ako miaka 12, Grade 7. Nyumbani tuko kwa plot huku Migosi, wifi tumechanga nyumba tatu na rauta iko kwangu.

Sasa. Likizo ya mwezi wa nane nilikuwa namuonyesha mteja rinda kwa simu, mama wa kanisa kabisa, mara juu ya skrini ikashuka picha ya msichana bila nguo na maneno ati SIMU YAKO INA VIRUSI 5 BONYEZA HAPA. Yawa! Sikujua niangalie wapi. Rinda alinunua lakini tangu hiyo siku akipita anasalimia jirani yangu peke yake. Na hizo vitu hazikuacha, kwa siku zinaingia hata mara kumi, nyingine za kubet, nyingine za mkopo, nyingine sijui za nini. Jioni nikaingia kwa historia ya Chrome nikapata mambo, sitaandika hapa, lakini nilijua si mimi na babake ana simu yake.

Nikaenda kwa fundi mmoja town. Akaniambia iko apu ya kublok, elfu moja mia tano. Nikamwachia simu, nikazunguka kutafuta omena, kurudi baada ya kama saa moja ati tayari mama, sasa hii simu ni ya kanisa. Siku mbili nilikaa na amani. Ya tatu Otis akapewa assignment ya science, mfumo wa uzazi, kila mahali anafungua anaambiwa imezuiwa. Mimi nikitaka kuingia eCitizen ya serikali imezuiwa. Marketplace ya Facebook imezuiwa. Nikimpigia fundi anasema nitume 300 anifungulie moja, kesho 300 ya ingine. Na anafungua akiwa huko kwake town mimi nikiwa Kibuye! Nikashangaa lakini nikasema hiyo ndio teknolojia.

Kumbe mimi nikilipa 300, Otis alishapata njia. Rafiki yake wa darasa amemwekea kitu inaitwa VPN, anabonyeza duara inakuwa kijani na kila kitu inafunguka, ile apu ya fundi iko tu hapo imenyamaza. Nilimpata usiku saa sita. Hakukana, alilia tu.

Halafu kuna babake. Juzi baada ya chakula akaniambia pole pole, kama unajua kublok, niblokie hizo tovuti za kubet kwa simu yangu, na pasiwadi ukae nayo wewe, mimi nisiijue. Dada, nilinyamaza. Kumbe ile ndege ya kubet imekula pesa ya fees ya term hii, yote.

Kaka yangu anasema nimpe mtoto kabambe intaneti ikae kando. Shemeji anasema ni kiboko tu. Mimi nataka kujua, ni nani anaamua nini inaingia kwa simu yangu? Juu sai ni kila mtu isipokuwa mimi.

Mama Otis, Migosi

*

Mama Otis, pole sana, na asante kwa kuandika. Hilo swali lako la mwisho ndilo lenyewe, tutarudi kwake, lakini wacha nianze na jambo ambalo hukuniuliza na ndilo limenitisha kuliko hata hiyo picha ya msichana: huyo fundi.

Kama anaweza kukufungulia tovuti akiwa town na wewe uko Kibuye, maana yake apu aliyoweka inaongozwa na akaunti yake, si yako. Yaani kwenye hiyo apu yeye ndiye mzazi na wewe ndiye mtoto. Apu za aina hiyo mara nyingi zinamwonyesha mwenye akaunti tovuti ambazo simu imetembelea, nyingine zinaonyesha hata simu iko wapi, na hiyo ndiyo simu unayopokelea pesa za wateja. Sisemi anafanya hivyo. Nasema anaweza, na hukumpa ruhusa ukijua. Hizo 300 300 ni kama kumlipa mtu akufungulie mlango wa nyumba yako mwenyewe kila ukitoka sokoni.

Kwa hivyo hiyo apu itoke kabla hujafanya kingine chochote. Ingia Settings, hapo juu kwa sehemu ya kutafuta andika neno admin, utaona orodha ya apu zilizopewa nguvu juu ya simu, izime yake, halafu uifute kama apu ya kawaida. Angalia pia kwa Accessibility kama imewashwa hapo. Ikikataa na kuomba pasiwadi ambayo huna, rudi kwake mchana, na mtu, aitoe ukiona kwa macho yako. Akianza hadithi, hamisha picha zako, weka WhatsApp bakapu, hakikisha unakumbuka imeili na pasiwadi yako ya Google, kisha urudishe simu ilivyotoka kiwandani. Ukimaliza badilisha pasiwadi ya Google na PIN ya M-PESA, juu simu ilikaa mikononi mwake saa nzima na wewe uko kwa omena. Na akikusumbua zaidi, Kenya tuko na sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na ofisi ya kupeleka malalamiko ipo, mwambie unaijua, wengi hupoa hapo hapo.

Haya, sasa ile aibu mbele ya mama wa kanisa. Hiyo ni dakika mbili na haikuhitaji elfu moja mia tano. Simu yako haina virusi 5. Kilichotokea ni kwamba kuna siku mtu alifungua tovuti fulani, ikauliza ikiwa inaweza kutuma arifa, akabonyeza Allow ili itoke njiani, na kuanzia hapo hiyo tovuti inaruhusiwa kutupa tangazo juu ya skrini yako hata Chrome ikiwa imefungwa. Fungua Chrome, zile nukta tatu, Settings, halafu Notifications au Site settings, utakuta majina ya tovuti ambazo hata huwezi kuyatamka. Zima zote, acha tu zile unazijua. Hapo hapo kuna swichi ya kuruhusu tovuti kuuliza, izime hiyo pia isiulize tena, sijawahi kuona mtu wa kawaida akikosa kitu kwa sababu hiyo. Kama matangazo bado yanashuka ujue yanatoka kwa apu, si kwa tovuti, kwa hivyo likishuka libonyeze ulishikilie, simu itakuonyesha ni apu gani, na mara nyingi ni tochi au kalkuleta fulani ambayo mtoto aliweka.

Tukuje kwa kufungia kwenyewe, na hapa nitakaa kidogo juu watu wengi wanaibiwa kwa kutojua inavyofanya kazi.

Ukiandika jina la tovuti, simu haijui iko wapi. Inauliza kwanza. Ni kama kushuka steji usipopajua ukauliza mtu wa boda, kwa fulani ni wapi? Huyo wa kuulizwa ndiye anaitwa DNS, na kwa kawaida simu yako inamuuliza yule wa kampuni ya intaneti, ambaye anaelekeza kila mtu kila mahali. Lakini unaweza kuambia simu yako, kuanzia leo usiulize huyo, uliza huyu mwingine. Na kuna ambao kazi yao ni kuelekeza mahali pazuri na kusema hapo hapapo wakiulizwa mahali pabaya. Ni hivyo tu. Hakuna apu, hakuna fundi, na kwa simu nyingi za Android kuanzia toleo la 9 la mwaka 2018 setingi iko ndani tayari. Ingia Settings utafute neno DNS, itakuja Private DNS, chagua ile ya kuandika jina mwenyewe, uandike family.cloudflare-dns.com bila nafasi yoyote katikati, usevu. Hiyo ni ya Cloudflare, waliitoa 2020, bure, inakataa tovuti za ngono na zile za kuibia watu. Ukikosea herufi moja intaneti yote itakufa, usishtuke, rudi urekebishe. Na uzuri wake ni kwamba inafanya kazi kwa wifi na kwa bando, haijali uko Migosi ama uko Kibuye.

Lakini sikia mipaka yake, juu huyo mtu wa boda anajua jina la mahali tu. Ni kama makanga anayejua umeshukia Kondele lakini hajui umeingia nyumba gani. Siku hizi karibu kila tovuti inafunga kinachopita ndani kama barua kwa bahasha, kwa hivyo DNS na hata rauta yako zinaona umeenda YouTube, haziwezi kuona ni video gani. DNS haiwezi kukuchagulia video moja moja. Ya ndani inafungwa na YouTube yenyewe: ingia Settings za YouTube, General, washa Restricted Mode. Google vile vile, utafute SafeSearch uweke Filter, juu picha zinazotokea kwa matokeo ya kutafuta ziko ndani ya Google na usitegemee DNS peke yake kuzizuia. Na kitu kinachotumwa kwa grupu ya WhatsApp hakuna ukuta wowote kati ya hizi unaweza kukiona. Hapo zima tu kujidownload kwa picha na video, na kwa Privacy, Groups, weka My contacts ili watu usiowajua wasikuingize ovyo. TikTok ni ya miaka 13 kwenda juu na Otis ako 12, kwa hivyo hiyo ni duka lako tu, iwekee app lock kama simu yako inayo, Tecno na Infinix nyingi zinakuja nayo.

Sasa kwa nini ya fundi ilifunga hadi eCitizen? Kuna njia mbili za kufungia. Moja ni kuruhusu kila kitu isipokuwa walio kwa orodha. Nyingine ni kukataza kila kitu isipokuwa walio kwa orodha. Fundi wako aliweka hiyo ya pili na orodha akaiacha tupu, ama aliweka ya kuchuja maneno, na kuchuja maneno ni ujinga wa tangu zamani: huko Uingereza kuna mji unaitwa Scunthorpe, na mwaka 1996 wakazi wake walikataliwa kujiandikisha kwa kampuni ya intaneti ya AOL kwa sababu ndani ya jina la mji kuna herufi nne zinazofanana na tusi. Mtoto wa Grade 7 anayesoma mfumo wa uzazi ataumia vile vile. Ile ya kukataza yote ni nzuri kwa mtoto wa miaka mitano na tableti yake, tovuti sita zinamtosha. Kwa mwanafunzi wa junior school ni kumfunga miguu halafu umwambie akimbie. Nadhani pia, na sasa naongea kama mama, ukimfungia hata kitabu anaanza kuona kuvunja kufuli ni jambo la haki, na kwa hiyo assignment kusema ukweli alikuwa na haki.

VPN nayo. Chukulia ni tuktuk yenye pazia: unaingia ndani, inakupeleka, na mtu wa steji hajui umeshukia wapi. Si kitu kibaya chenyewe, watu wa ofisi wanaitumia kila siku, na si unakumbuka Novemba 2023 na tena Novemba 2024 Telegram ilivyozimwa wakati wa mtihani wa KCSE, watu wazima wangapi walijifunza VPN hiyo wiki? Watoto walikuwa wanaangalia. Lakini zile za bure kuna mtu anazilipia, na wengine wanazilipia kwa kuuza habari za wanaopanda. Na ile apu ya fundi kunyamaza, ningekuwa mtu wa kubet ningeweka pesa kwamba sababu ni hii: apu nyingi za kublok zinajifanya VPN ndani ya simu ili zione kinachopita, na Android inakubali VPN moja tu kwa wakati mmoja. Ni siti moja. Otis akiwasha yake, ya fundi inashushwa. Hata haikuhitaji akili nyingi.

Je, anaweza kupita na Private DNS pia? Ndiyo, VPN mara nyingi inaipita, na yeyote anayejua mahali iko anaweza kuizima. Siwezi kukudanganya hapa. Unachoweza ni kuongeza kazi: futa hiyo VPN, app lock kwa Settings na kwa Play Store, na PIN iwe ambayo si mwaka wake wa kuzaliwa, mama nyinyi mnapenda hiyo sana. Akiwa na assignment kwa apu moja, tafuta App pinning kwa Settings, unaibandika hiyo apu kwa skrini, na ukiwasha ile ya kuomba PIN kabla ya kutoka, hatoki bila PIN yako. Na simu ikifika saa tatu usiku inalala kwa chaji chumbani kwako. Kati ya zote nilizoandika hii ya mwisho ndiyo sijaona mtoto akiivunja.

Kuna pia ushauri wa kaka yako na shemeji. Kiboko sikubaliani nacho. Ana miaka 12, alitafuta, akapata zaidi ya alichotafuta, na ulipompata alilia, huyo ni mtoto bado anaongea na wewe. Muulize bila sauti kama ni yeye alitafuta ama alitumiwa, na kama kuna mtu mzima anamtumia ama anamtishia piga 116, ni laini ya watoto na ni bure. Kabambe si wazo baya la simu ya kwenda shule, lakini haitamalizia assignment. Keti naye jioni moja muandike pamoja tovuti za shule anazohitaji, ile Kenya Education Cloud ya KICD, wale wa mitaala, iwe ya kwanza, na mkubaliane kitu kimoja: ikizuiwa kitu cha shule anakuja kuomba, na wewe unafungua hapo hapo, siyo kesho. Hapo ndipo fundi alikuharibia zaidi, alifanya kuomba kuwe na bei. Family Link ya Google ni nzuri lakini inataka mtoto awe na simu na akaunti yake, kwa simu mnayoshare haitakufaa, iweke akilini siku akipata yake.

Wifi ya plot usiiguse bado. Najua unaweza kuingia kwa rauta na kubadilisha DNS iwe 1.1.1.3 na 1.0.0.3 ambazo ni za hao hao Cloudflare, na nyumba zote tatu zitachujwa. Lakini wamechanga. Mtu hawezi kulipa theluthi halafu wewe umuamulie aangalie nini, hata kama una sababu nzuri, na uliniandikia barua nzima ukilalamika juu ya kufanyiwa hivyo hivyo. Waambie kwanza. Wakikataa, rauta nyingine zinaweza kutoa wifi ya pili ya wageni yenye DNS yake, hiyo waachie wao bila kuchujwa. Kile ninachokuomba ufanye leo leo ni kubadilisha pasiwadi ya kuingilia kwa rauta, siyo ya wifi, ile ya setingi, juu kama bado ni ile ilikuja nayo basi mtoto yeyote wa plot akisoma kile kibandiko cha chini anaingia na kupindua kazi yako yote.

Nimemwacha Baba Otis mwisho juu yeye ndiye alinigusa. Mwanaume kuketi mezani na kusema nifungie na ukae na ufunguo, hiyo si kitu kidogo, na tafadhali usiwahi kumrushia siku mkikosana. Ile ya Cloudflare haitamsaidia, haifungi kamari. Kwake fungua akaunti ya NextDNS kwa imeili yako wewe. Ndani kuna sehemu ya Parental control, ongeza kategoria ya Gambling, na kuna Denylist unaandika kwa mkono zile tovuti anazotumia, akutajie mwenyewe moja moja, na kuna swichi ya kuzuia njia za kupita kama VPN, iwashe. Watakupa jina lako la kuandika kwa Private DNS ya simu yake. Bure ni maswali 300,000 kwa mwezi, na ukiyamaliza intaneti haikatiki ila inaacha kuchuja mpaka mwezi uishe, kwa hivyo iweke kwa simu yake peke yake, usimimine nyumba nzima humo. Kuna pia apu ya BetBlocker, ya shirika la hisani la Uingereza, hailipiwi, unachagua muda wa kujifungia na si rahisi kuitoa kabla muda uishe. Apu za kubet zifutwe zote, na akaunti zake aombe kampuni zenyewe zimfungie, awaandikie yeye, si wewe.

Lakini hapa kwetu mtu anabet pia kwa mesej na kwa paybill, na hapo DNS haina mkono. Kufunga tovuti bila kugusa pesa ni kufunga dirisha ukiacha mlango. Siku ya mshahara, kabla jua kuzama, fees iende kwa paybill ya shule moja kwa moja, kodi iende, inayobaki ndiyo ya mfukoni. Hili jambo si lake peke yake, Aprili 2025 ile bodi ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari siku 30, na Agosti hiyo hiyo 2025 sheria mpya ya kamari ikatiwa sahihi, kwa hivyo hata wakubwa wameona. Na tofauti yake na Otis ni hii: yeye ni mtu mzima, akija siku moja kusema nifungulie, usibishane hapo hapo na usifungue hapo hapo. Mkubaliane leo, akiwa na akili zake, kwamba akiomba unafungua baada ya siku tatu. Hamu ya ile ndege haingoji siku tatu.

Shule term hii ongea na bursar mapema, usingoje mtoto arudishwe.

Kwa hivyo kwa simu yako ni wewe unaamua, kwa ya Baba Otis anaamua yeye na wewe unashika ufunguo, kwa wifi mnaamua nyumba tatu, na fundi haamui mahali popote. Ukikwama kwa rauta nitumie picha ya kile kibandiko cha chini nikuonyeshe pa kuingilia, ila funika pasiwadi na kidole kwanza.